Kulinganisha mishahara ya wanawake na viti vyao bungeni, jimbo kwa jimbo

Dada, umeuliza kama majimbo ya Marekani yenye wabunge wanawake wengi ndiyo yenye pengo dogo la mishahara. Usikimbilie kuchora grafu.

Anza na mishahara. Tumia takwimu za Ofisi ya Sensa, uchukue mapato ya kati, yaani ya mtu wa katikati ukiwapanga wote kwa mapato (si wastani, maana matajiri wachache huuvuta juu), ya wanaofanya kazi saa zote mwaka mzima. Gawanya ya wanawake kwa ya wanaume, zidisha kwa 100. Kwa jimbo lenye watu wachache kama Wyoming chukua takwimu za miaka 5 pamoja. Sampuli ya mwaka mmoja huyumba mno, na ya 2020 iliharibiwa na korona.

Viti navyo vina mitego. Hesabu mabunge yote mawili ya jimbo, isipokuwa Nebraska yenye bunge moja tu. Nevada mwaka 2019 ilikuwa ya kwanza kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume: 32 kati ya 63. Lakini waliapishwa mwaka huohuo. Huwezi kuwapa sifa wala lawama kwa mishahara ya 2018. Acha miaka kadhaa ipite katikati.

Halafu ongeza safu ya posho ya wabunge wenyewe, wengi huisahau. New Hampshire hulipa dola 200 kwa muhula wa miaka 2! Mama anayelea watoto na kulipa kodi ya nyumba atagombeaje hapo? Hata hivyo wastaafu hujitokeza, kwa hiyo angalia umri pia.