Ni hasira tu, au ni bodalaini?

SWALI: Assalaam alaykum, daktari. Tuko Shella, Malindi. Mdogo wangu wa kike ana miaka 23. Mchumba wake asipopokea simu kwa saa moja, anasema ameachwa. Anamtukana, kisha anamlilia asiondoke. Mara mbili amejikata mkono kwa wembe. Nyumbani wanasema ana jini, muuguzi mmoja alitaja "bodalaini". Lakini sote huogopa kuachwa. Tofauti iko wapi?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Nianze na wembe, ingawa sicho ulichouliza. Mkiwa wawili tu na ametulia, muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halimtii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na afike hospitali siku hiyohiyo. Nyembe, vidonge na dawa ya panya vifungiwe leo.

Sasa tofauti. Bodalaini ni tatizo la haiba, yaani la namna mtu anavyohisi, anavyojiona na anavyohusiana na watu. Hisia zake ni zilezile zako. Ila zake huwaka upesi zaidi, hupanda juu zaidi, na hukawia kushuka. Wewe simu isipopokewa utasema labda yuko msikitini, au chaji imeisha. Yeye huusoma ukimya ule kuwa ni kuachwa, na kabla hajapoa linazuka jingine. Hata uso usio na hasira wala furaha huenda akauona una chuki.

Halafu kuna namna ya kuwaona watu. Mtu wa kawaida humudu kusema "kaniudhi, lakini ananipenda". Kwake viwili hivyo havikai chungu kimoja: asubuhi mchumba ni malaika, jioni adui. Naye mwenyewe aweza kujiona mtupu, asijue anataka nini maishani.

Hata hivyo msimpachike jina. Kipimo kinachotumika sana kina dalili 9, na zinatakiwa angalau 5, zilizoanza ujanani na kujitokeza kwa watu na mahali tofauti, si kwa mchumba pekee. Wengi huichanganya na bipola, ugonjwa wa vipindi vya msisimko na vya huzuni nzito. Bipola ni kama kaskazi, ikiingia inakaa: msisimko wake kamili hudumu siku 7 au zaidi. Mwenye bodalaini hubadilika kwa saa, mara chache zaidi ya siku chache, na aghalabu kuna neno au tendo lililomchokoza.

Tiba kuu ni mazungumzo. Ile aliyoibuni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, hufundisha stadi za kuvumilia dhiki bila kujiumiza, kwa kawaida kila wiki kwa takriban mwaka mzima. Vidonge husaidia matatizo yanayoandamana nayo, kama sonona. Bodalaini yenyewe haina kidonge chake. Wengi hupata nafuu kadiri miaka inavyopita, jambo ambalo familia haziambiwi vya kutosha.

Kisomo kikimtuliza kiendelee, mradi asipigwe wala kufungwa, na kliniki isingojeshwe. Akiwaka, usianze kumthibitishia kuwa amekosea. Sema kwanza, "Naona umeumia," kisha nyamaza kidogo. Mkienda hospitali ya serikali mtake mhudumu wa afya ya akili, mchukue na daftari la wiki mbili: saa ilipoanza, nini kilitangulia, ilichukua muda gani, iliishaje.