Ukilipia klabu ya mashabiki hujanunua tiketi

Wasichana wa hapa Malindi wanaoniandikia kuhusu bendi za Japani na Korea huanza na swali lile lile: "Dada, nimeshalipia klabu ya mashabiki, sasa tiketi yangu naipata lini?" Naandika haya ili siku nyingine nimtumie mtu makala, badala ya kueleza upya huku chai inanipoa.

Hujanunua tiketi. Ulicholipia ni haki ya kutia jina lako kwenye droo, basi. Jina likitoka, ndipo unaruhusiwa kununua tiketi, tena kwa bei yake kamili. Lisipotoka, ada ya klabu hairudi. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, mengine yote yatakuelea. Ukilikataa, utawalaani watu wa Tokyo bure.

Mimi nilijifunza mambo haya nilipokuwa mwanafunzi Nagoya. Nilikuwa mwanachama wa klabu ya bendi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa mashabiki wake wana ndimi kali. Nimepata tiketi na nimekosa, na kukosa kumekuwa kwingi. Tangu nirudi nyumbani nawasaidia wengine kujaza fomu, kwa hiyo najua pia fomu ya mtu wa Malindi hukwama wapi.

Huku kwetu mlango ni mlango. Taarabu ya arusi unaalikwa, shoo ya ufuoni unalipa getini, na ukikuta pamejaa unaongea na bawabu vizuri. Japani bendi kubwa ikipiga Tokyo Dome, ukumbi unaoingiza watu wapatao 55,000, wanaotaka kuingia huwa wengi kuliko viti. Wangeuza kwa mtindo wa atakayewahi, tovuti ingelala na walanguzi wangezoa kila kitu kwa programu zao za kompyuta. Ndiyo maana hupiga kura. Ni kama kura ya mchezo wa kina mama, majina yanatiwa kwenye bakuli na mtoto anachomoa kikaratasi, isipokuwa kwenye mchezo kila mama atafikiwa na zamu yake. Huku zamu hakuna.

Kura yenyewe haipigwi mara moja. Wanaanza wanachama wa klabu. Baada yao mara nyingi huja duru ya walionunua albamu mpya yenye nambari maalumu ndani. Kisha kampuni za kuuza tiketi kama Ticket Pia, Lawson Ticket na e+ hufungua droo zao kwa umma. Tiketi zikibaki, ndipo yanakuja mauzo ya kawaida ya atakayewahi, na hizo huisha kabla hujamaliza kuandika jina lako. Kwa hiyo ukikosa duru ya klabu, jiandikishe duru inayofuata. Nimewaona watu wakikosa ya kwanza, wakasusa, ilhali tiketi zilikuwa bado zipo.

Duru moja hukaa wazi siku kadhaa, na aliyeomba saa ya kwanza hana ubora juu ya aliyeomba siku ya mwisho. Hakuna haja ya kukesha. Lakini usingoje dakika za mwisho pia, stima za hapa tunazijua. Kuhusu saa, Mswahili amerahisishiwa: Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na sisi saa zetu twaanza kuzihesabu jua likitoka, kwa hiyo Tokyo ikiwa saa yao ya 4 alasiri, hapa ni saa nne asubuhi. Nambari ni ile ile. Wenyewe hupenda kuandika 23:59. Toa 12, upate saa kumi na moja na dakika 59 jioni ya Malindi, kabla ya adhana ya magharibi. Anayesoma saa ya simu ndiye wa kuhesabu vidole.

Sasa jina, na hapa ndipo nataka utulie usome. Fomu ya Kijapani inataka vitu viwili: jina la ukoo na jina lako. Sisi wa Pwani wengi wetu hatutumii jina la ukoo. Tuna jina letu, la baba na la babu. Juu ya hilo, mtu mmoja ni Fatma kwenye cheti cha kuzaliwa, Fatuma kwenye kitambulisho, Fatima kwenye pasipoti, na Instagram ni jina la ua. Konsati nyingi za duru ya klabu hukagua kitambulisho mlangoni, na kitambulisho cha mgeni ni pasipoti. Jina la tiketi lisipolingana na la pasipoti, bawabu wa Kijapani atainama kwa adabu, atakuomba radhi, na hutaingia. Huyo haongewi vizuri.

Fungua pasipoti, tazama sehemu ya jina la ukoo imeandikwa nini, na hilo ndilo uandike, hata likiwa la babu ambaye hukumdiriki. Majina mengine yafuate mpangilio ule ule, herufi kwa herufi. Fomu nyingi hutaka pia jina kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni. Mtafute anayezijua akuandikie mara moja, uhifadhi kwenye simu, utumie hayo hayo kila mahali. Na kama pasipoti bado hujatoa, usijiunge na klabu yoyote. Jina la mwanachama halibadilishwi kienyeji, na uanachama haukabidhiwi mtu mwingine, hata awe pacha wako.

Mwenzako pia ana habari yake. Ukiomba viti viwili, klabu nyingi zinataka jina la utakayekwenda naye siku ile ile ya kuomba, na nyingine zinataka naye awe mwanachama. Baada ya hapo halibadilishwi. Chuoni alikuwapo msichana mmoja aliyeandika jina la mchumba; uchumba ukavunjika kabla ya konsati, akakaa usiku mzima pembeni ya kiti kitupu alicholipia mwenyewe. Andika jina la mtu mtakayekuwa bado mnasalimiana. Mimi ningeandika la ndugu.

Simu na malipo. Tovuti nyingi za tiketi za Japani hutuma ujumbe wa kuthibitisha kwa laini ya Japani tu. Zipo klabu zenye mlango wa wanachama wa nchi za nje, na hilo ulitazame kabla ya kulipa ada. Wengine hutumia laini ya jamaa aliyeko huko. Sawa, lakini fahamu kuwa tiketi ya kidijitali hutokea kwenye simu ile iliyothibitishwa: ukitumia laini ya binamu yako wa Osaka, binamu ndiye mwenye tiketi mkononi. Malipo nayo hufanywa kwa kadi au kwenye duka la mtaani kama Lawson na FamilyMart, unapeleka nambari na pesa taslimu. Kadi za nje wakati mwingine hukataliwa, kwa hiyo ijaribu yako kwa kitu kidogo mapema, ada ya klabu kwa mfano.

Jina likitoka, muda wa kulipa ni siku chache. Ukipita, kiti kimekwenda, na ziko klabu zinazokuonya kwamba asiyelipa anaweza kuathirika katika droo zijazo. Tena kadi nyingine hukatwa pesa yenyewe mara tu jina linapotoka. Ndiyo sababu nasema usiombe usichoweza kulipa. Watu huomba tarehe tatu wakidhani watapata moja, zikatoka zote tatu, na zote tatu zinadai.

Kama waweza kuchagua, chagua siku ya kazi, na mji ulio mbali na Tokyo. Jumamosi ya Tokyo kila mtu anaitaka. Tena ukiulizwa chaguo la pili, lijaze. Kiti chenyewe utakijua zikiwa zimebaki siku chache tu, na kuomba mapema hakukusogezi mbele. Marekani kuna klabu ya bendi ya Pearl Jam, Ten Club, ambako ukongwe wa uanachama huamua ukae wapi; Japani sijazoea kuona hivyo. Mimi niliwahi kupangiwa safu ya mwisho kabisa, chini ya dari, nikaiona konsati nzima kwenye skrini. Nilifurahi hivyo hivyo.

Mama yangu aliposikia neno droo aliniuliza kama hiyo si kamari. Swali lake ni la haki. Jawabu ninaloweza kutoa ni hili: kuomba kwenyewe mara nyingi ni bure, ukikosa hulipi tiketi, na ada ya klabu inakupa vitu vingine kama video, jarida na salamu za siku ya kuzaliwa. Mimi hulipa ada pale tu ninaporidhika nayo hata kama tiketi sitaiona. Lakini kuna ile ya Korea ya kununua albamu ili upate nafasi ya kusainiwa na msanii, kila albamu nafasi moja, watu wakabeba maboksi kwa maboksi ya albamu wasizozifungua. Hapo moyo wangu hukataa. Tarehe 13 Juni 2024, siku moja baada ya Jin wa bendi ya BTS kumaliza jeshi, mashabiki 1,000 walichaguliwa kwa droo wakumbatiwe naye Seoul. Masharti ya mwanzo yalimtaka mtu anunue albamu baada ya tangazo, mashabiki wakalalamika, yakabadilishwa. Kwa hukumu ya dini muulize ustadhi wako. Mimi najua fomu tu.

Ukivuka kwenda kwa wasanii wa Marekani na Uingereza, mara nyingi droo haikupi tiketi, inakupa msimbo wa kuingia foleni. Novemba 2022 watu zaidi ya milioni 3.5 walijiandikisha kwenye tovuti ya tiketi ya Ticketmaster kwa ajili ya Taylor Swift, na takriban milioni 1.5 ndio waliotumiwa msimbo. Waliobaki waliwekwa kwenye orodha ya kusubiri, na hata wenye msimbo walipanga foleni. Bendi ya Oasis ya Uingereza mwaka 2024 waliwauliza waombaji mpiga ngoma wao wa kwanza alikuwa nani, na tarehe za nyongeza za Wembley wakaziuza kwa droo ya mwaliko, wakianza na waliokosa mara ya kwanza. Kwa hiyo barua pepe ya "samahani, umekosa" usiifute haraka. Bendi nyingi za Korea zilizo Weverse, programu ya simu yenye klabu za mashabiki, zina jambo moja zaidi: uanachama pekee hautoshi, lazima pia ujiandikishe kwa mauzo ya konsati ile ndani ya muda uliotangazwa, na uanachama uwe wa eneo sahihi.

Atatokea mtu mtandaoni kukuambia ana kiti cha uhakika. Tangu tarehe 14 Juni 2019 Japani ina sheria inayokataza kufanya biashara ya kuuza tena tiketi zenye masharti ya jina kwa bei ya juu bila idhini ya mwandaaji. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au faini isiyozidi yeni 1,000,000, au vyote viwili. Hilo ni la muuzaji. Wewe hasara yako ni kusafiri mpaka mlangoni na tiketi inayofutika. Kwa aliyepata dharura, klabu na kampuni nyingi zina soko lao rasmi la kurudisha tiketi kwa bei ile ile, na huko ndiko nimewahi kuchukua kiti wiki ya konsati yenyewe. Picha ya tiketi uliyotumiwa WhatsApp si tiketi.

La mwisho ni visa. Mkenya anahitaji visa kwenda Japani, na tiketi ya konsati si hoja ubalozini. Wanataka kuona pesa zako, kazi yako na sababu ya kurudi Malindi. Panga tarehe kurudi nyuma: pasipoti, kisha klabu, kisha droo, na nauli ya ndege usiikate kabla visa haijatoka. Ukinyimwa visa baada ya kulipia kiti, kipeleke soko rasmi mara moja, maana lina tarehe yake ya kufungwa. Halafu tazama kama konsati hiyo inaonyeshwa moja kwa moja mtandaoni kwa watu wa nje ya Japani. Hiyo haina droo, unalipa na unaona. Konsati ya saa kumi na mbili jioni ya Tokyo hapa ni saa sita mchana, kwa hiyo nunua bando la kutosha, na kama unafanya kazi dukani omba ruhusa mapema.