Difu gani ya nyuma kwa Nova ya 1970 yenye farasi 400? Jibu la aliyekwisha kuvunja moja

Mkuu, umeuliza kama kwa Chevrolet Nova yako ya 1970, V8 ya inchi za ujazo 350 iliyosukwa upya ikafika kama nguvu za farasi 400, giaboksi ya mkono ya gia 4, uitupe difu ya kiwandani ya bolti 10 na kufunga difu ya Ford ya inchi 9 kama kila mtu anavyokushauri. Mimi nina Nova ya mwaka huohuo hapa Ohio, mwaka wa nane sasa, na difu yake ya kwanza niliivunja kwa mguu wangu mwenyewe. Ngoja nianze na ilivyokufa.

Ilikuwa ile ya krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) inchi 8.2. Ilibeba injini mpya misimu miwili bila kulia, nikaanza kutamba kwamba watu wanaisingizia. Kumbe kilichokuwa kinaiokoa ni tairi zangu kipara: nikikanyaga zinateleza, nguvu yote inaishia kwenye moshi. Siku nikafunga tairi laini za mashindano, nikaenda uwanja wa robo maili, lami yenyewe imepakwa dawa ya kunata. Nikaachia klachi injini ikiwa mizunguko 4,500. Nyuma ikaruka dugu-dugu-dugu, halafu mlio kama nyundo imeangukia sufuria. Injini inanguruma, gari halisogei. Nyumbani nikafungua mfuniko: oili ya kijivu inameremeta kama rangi ya fedha, na vipande vinne vya meno ya pinioni, gia ndogo inayosukuma krauni, vikadondoka kwenye beseni, kimoja baada ya kingine.

Kwa hiyo farasi 400 ni nusu ya swali. Kinachoua difu ni kishindo: klachi inayoshika ghafla, tairi isiyoteleza, na springi za bapa zinazojikunja mpaka ekseli inarukaruka. Mwenzako mwenye otomatiki na farasi hizohizo anaweza kuzeeka na difu ambayo wewe utaimaliza Jumamosi moja.

Nilichoweka baadaye ni difu nyingine ya bolti 10. Usicheke. Ipo ya krauni inchi 8.5, yangu ilitoka kwenye Nova ya 1972, ikaingia bila kukata wala kuchomelea. Bolti za mfuniko ni zilezile kumi, ila ndani ni mnyama mwingine. Shina la pinioni ya 8.2 lina unene wa inchi 1.438, la 8.5 ni 1.625, sawa kabisa na la difu ya bolti 12 ambayo watu wanaililia. Hiyo ya 12 krauni yake ni inchi 8.875. Ni nzuri, sibishi, lakini wauzaji wanajua ni nzuri, na bei inakuambia hivyo.

Kuitambua 8.5, ingia uvunguni utazame tumbo la difu. Ya 8.2 tumbo ni laini, la mviringo. Ya 8.5 ina vinundu viwili vya chuma chini, pale zilipo tarakimu 5 na 7 kwenye uso wa saa. Na ukienda kutafuta ya bolti 12, usije ukaingizwa mjini kama nilivyokaribia kuingizwa mimi: jamaa mmoja alinionyesha ya pikapu akaapa ni ya gari ndogo. Ya pikapu ina krauni kubwa kweli, lakini shina la pinioni ni lile jembamba la 1.438. Kilichomuumbua ni matundu ya nati za tairi: sita! Nova ina matano.

Sasa Ford inchi 9. Ilianza kufungwa 1957 ikaenda hadi 1986, na sifa zake si za bure. Pinioni ina beringi ya tatu mkiani, kwa hiyo haipepesuki ikibanwa. Hafushafti, zile shafti mbili zinazozungusha tairi, zinashikwa kwenye ncha za ekseli, si kwa vile vibanio vya umbo la C vilivyo ndani ya difu za Chevrolet, ambapo hafushafti ikikatika tairi linaweza kuchomoka nayo. Na moyo wake, yaani krauni na pinioni pamoja, unatolewa kwa mbele mzima mzima. Fundi yeyote wa nyumbani aliyeshusha difu ya Hilux ataielewa hapohapo. Ubaya wake ni kwamba pinioni imekaa chini sana ya katikati ya krauni, meno yanasuguana zaidi, na nguvu kiasi inapotea humo. Halafu ukishainunua bado unahitaji krosi ya kuunganisha, propela shafti pengine ikatwe, mabomba ya breki, na breki zenyewe. Niliandika hesabu hiyo yote kwenye karatasi, nikaikunja.

Ila kama lengo ni kushuka chini ya sekunde 11 robo maili, nenda Ford moja kwa moja. Kanuni za NHRA, chama cha mashindano ya robo maili Marekani, ukifika sekunde 10.99 hazitaki vibanio vya C.

Uwiano wa gia za difu, yaani propela shafti inazunguka mara ngapi tairi likizunguka mara moja, usiuamue kwa sifa za vijiweni. Gia yako ya nne ni moja kwa moja, kwa hiyo ukiwa na tairi za kimo cha inchi 26, maili 65 kwa saa: 3.08 inakupa mizunguko kama 2,600, 3.73 kama 3,130, 4.10 kama 3,440. Mimi nina 3.73 na mke wangu tayari analalamika kelele. Ukipata 8.5 iliyotoka kiwandani na 2.56, jua kuwa 3.73 haitakaa kwenye kibebeo chake, kile kinachoshika krauni. Utanunua na kibebeo.

Kupanga meno mpe anayejua. Yangu iliachiwa nafasi ya inchi 0.008 kati ya meno ya krauni na ya pinioni.

Kabla hujatoa hata senti, lala uvunguni upige picha ya tumbo la difu uliyonayo, uitupie hapa. Na utuambie unafunga tairi gani.