Kuifuata habari ya ajabu mpaka kwa mwenyewe kabla hujaitia kwenye grupu

Mwenye uzi ameuliza mambo mawili: habari za ajabu na za kuchekesha anazowawekea jamaa wa maskani yao Mji wa Kale, Mombasa, kwenye grupu la WhatsApp kila Ijumaa azipate wapi, na afanyeje asiwatilie uzushi tena, maana wazee wa baraza sasa wanamkatalia hata zile za kweli. Nianze na la pili, ndilo lenye kazi.

Chukua kisa cha hapa hapa Bamburi, kiboko Owen na kobe Mzee wa Haller Park. Kinavyozunguka ni hivi: tsunami ilimsomba mama wa kiboko, mtoto akamwona kobe jike mzee, akamfanya mama. Picha ni za kweli, zilipigwa na mwanahabari Peter Greste. Maneno ndiyo yaliyotiwa chumvi. Mzee ni dume. Na viboko hawakutolewa mtoni na tsunami. Mvua kubwa za Desemba 2004 ndizo zilizoufurisha Mto Sabaki na kuwateremsha mpaka baharini upande wa Malindi. Mawimbi ya tarehe 26 yalipopita, mtoto akaonekana amebaki peke yake kwenye miamba, akavuliwa kwa nyavu na kuletwa Haller Park akiwa na kilo karibu 300. Ule umri wa Mzee, kama miaka 130, ni makadirio tu kwa kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra. Tena wapo wanaoituma hadi leo wakisema wawili hao bado wanalala pamoja, ilhali mwaka 2007 Owen alihamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo.

Kiini cha habari kama hii ni cha kweli na kinashangaza kuliko chumvi yake. Ndiyo maana siipimi kwa swali moja la kweli au uongo. Picha naiangalia mbali, maneno mbali, tarehe mbali, mahali mbali. Mara nyingi kimoja tu ndicho kibovu, na ukikirekebisha unabaki na habari nzuri ya kuwapa watu.

Picha kwanza, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Ikate kabla ya kuitafuta: toa maandishi yaliyobandikwa juu, emoji, fremu na nembo za programu, la sivyo mashine ya kutafutia itashika fremu na kukuletea fremu nyingine. Kisha kwenye simu ifungue ndani ya Chrome, ibonyeze bila kuachia, uchague kutafuta kwa Google Lens. Lens inaona mengi lakini haijali ipi ilitangulia. Kwa hilo nenda TinEye, tovuti nyingine ya kutafuta kwa picha, uagize majibu yapangwe kuanzia ya zamani kabisa. Ikiwa kote kumekauka, igeuze picha kulia kuwa kushoto, ujaribu tena. Wanaoiba picha huigeuza ili isitambulike. Dalili ya kugeuzwa ni herufi za kinyume kwenye fulana au vibao, au magari yanayopita mkono usio wake. Kenya tunaendesha kushoto, Marekani kulia, na hilo peke yake limeangusha uzushi mwingi.

Video haitafutiki hivyo moja kwa moja. Isimamishe mahali panne au patano, upige skrinishoti: mwanzoni kabisa, panapoonekana kibao cha duka, namba ya gari, mnara, mlima. Kila skrinishoti itafute kama picha. Usichague ile sekunde ya tukio lenyewe, maana hapo kamera hutikisika na picha huwa ukungu mtupu.

Mfano wa kujifunzia ni papa wa barabarani. Kila mafuriko makubwa yakija hutokea picha ya papa anaogelea kando ya gari kwenye barabara iliyojaa maji. Jiji hubadilika, papa ni yule yule. Ilisambaa Puerto Rico mwaka 2011 wakati wa kimbunga Irene, na tangu hapo imehamishwa miji kadha wa kadha. Usishangae siku ikiandikwa Makupa, hapa Mombasa. Papa huyo alikatwa kutoka picha ya Thomas Peschak iliyopigwa Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2005, ikionyesha papa mweupe akifuata mtumbwi mdogo. Basi watu wakazoea kucheka kila papa wa mafuriko. Septemba 2022, kimbunga Ian kilipopiga Fort Myers, Florida, ikatoka video ya samaki mkubwa mwenye mapezi ya papa akihangaika kwenye ua uliofurika, na wajuaji wakaimaliza kwa neno moja: zile zile. Shirika la habari la AP likaomba faili halisi kwa aliyepiga, likasoma data iliyomo ndani yake, likakuta imerekodiwa asubuhi ya siku hiyo hiyo. Ilikuwa ya kweli. Wataalamu hawakukubaliana ni samaki gani hasa, lakini samaki alikuwepo. Kukataa kila kitu ni uvivu ule ule wa kuamini kila kitu, na mwenye grupu lazima ajihadhari na yote mawili.

Angalizo hapo: data hiyo ya ndani hubaki kwenye faili la aliyepiga. Ikishapita WhatsApp au Facebook huwa imefutwa, kwa hiyo kuisoma kwenye nakala uliyofowadiwa ni kupoteza muda. Na zile picha zinazotengenezwa na akili mnemba, usitegemee kuhesabu vidole kuona kama vimezidi, mashine zimeshajirekebisha. Uliza ni nani aliyepiga na alikuwa wapi. Picha isiyo na mpigaji iache.

Maneno sasa. Toa humo majina mawili na mahali, uyafunge kwenye alama za nukuu, uyatafute pamoja na mpaka wa tarehe. Kwa kisa cha juu ungeandika hivi: "Owen" "Mzee" Haller Park before:2006-01-01. Google itakuletea kurasa za kabla ya hapo. Si mpaka mgumu sana, maana inafuata tarehe ambayo ukurasa wenyewe unajitangazia, na kurasa zinazojihuisha kila siku huponyoka. Ila unapata habari ilivyokuwa bado mbichi, kabla watu hawajaipamba.

Unachokitafuta ni mwenye habari wa kwanza. Mwaka 2021 ilizunguka dunia nzima ile ya wanakijiji wa Meru walioita askari wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, waje kumwondoa simba kichakani, kumbe ni mfuko wa kubebea bidhaa wenye picha ya simba. Inasikika kama porojo ya kijiweni. Lakini KWS wenyewe ndio walioitangaza, na msaidizi wa chifu akaeleza kuwa mwenye nyumba alitia miche ya parachichi mfukoni humo isikauke. Habari ikiwa na mwenyewe namna hiyo, itume kwa moyo mkunjufu. Linganisha na ile pete ya chuma iliyoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024: kipenyo kama mita 2.5, uzito kama kilo 500. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema tathmini ya awali inaonyesha ni kipande cha roketi. Kisha zikatoka habari kuwa Kenya inaidai India fidia, na shirika lilelile likakanusha. Chuma kweli, fidia hapana. Aliyesoma taarifa ya kwanza ya shirika aliona mara moja kwamba India haikutajwa humo.

Ikiwa mwenye habari wa kwanza ni gazeti la kejeli, ishia hapo. Usidhani ni wa vijiweni tu wanaonaswa: Novemba 2012 tovuti ya gazeti la People's Daily la China ilichukua habari ya The Onion la Marekani kwamba Kim Jong-un ametajwa mwanamume mwenye mvuto kuliko wote duniani, ikaichapisha kwa dhati pamoja na picha 55. Kinga ni kusoma ukurasa wa "kuhusu sisi" wa tovuti, pamoja na vichwa vingine vitatu vilivyo jirani na hicho. Tarehe 1 Aprili nayo iangalie. Mwaka 1957 BBC yenyewe ilionyesha wakulima wa Uswisi wakichuma tambi mitini.

Linki yenyewe ina adabu zake. Jina la tovuti lisome kutoka kwenye mkwaju mmoja wa kwanza ukirudi nyuma: kws.go.ke/habari ni ya KWS, lakini kws.go.ke.example.com/habari ni mali ya example.com, hata ikianza kwa kws. Linki fupi ya bit.ly iongezee alama ya kujumlisha mwishoni; itakuonyesha inakokwenda kabla hujaifungua. Mkia unaoanzia kwenye ?utm_ au ?fbclid ukate, ni wa kufuatilia nani kabonyeza. Wa YouTube unaoanza ?v= usiuguse, hiyo ndiyo namba ya video, ukiukata watu wanatua ukurasa wa mbele. Kisha hifadhi ukurasa kwenye web.archive.org/save, kwa sababu habari ndogo za ajabu hufutwa upesi. Ukikuta linki iliyokufa, bandika anwani yake mwishoni mwa web.archive.org/web/*/ uone kama kuna nakala.

Alama ya mishale miwili ya WhatsApp ina maana ujumbe umepita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 unaruhusiwa kwenda kwenye soga moja tu kwa mara. Lakini mtu akipakua na kupakia upya, mishale inapotea. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kitu.

Pa kuzipata? Orodha ya tuzo za Ig Nobel, zinazotolewa tangu 1991 kwa utafiti unaochekesha kisha ukafikirisha, ni hazina. Ya 2021 ilimtaja faru wa Namibia anayening'inizwa miguu juu kwa helikopta, na ikaonekana si vibaya kwa pumzi zake kuliko kumlaza ubavu. Ya 2025 iliwapa waliochunguza mijusi wa rangirangi kwenye hoteli ya ufukweni huko Togo, ambao waliipenda pitsa ya jibini aina nne. Watu wa Nyali na Diani hiyo wataielewa bila kuelezwa! Wikipedia ina ukurasa wa makala zisizo za kawaida. Tovuti ya Atlas Obscura ni nzuri kwa mahali pa ajabu. Gazeti rasmi la serikali kwenye tovuti ya Kenya Law lina matangazo ambayo hakuna mwandishi wa vichekesho angeyawaza. Zisome kwa programu ya milisho kama Feedly, inayokukusanyia makala mpya za tovuti mbalimbali mahali pamoja. Tovuti nyingi ukiongeza /feed mwishoni mwa anwani zinakubali, na bando linalotumika ni dogo kuliko kuzungukazunguka Facebook.

Unapoiweka kwenye grupu, andika sentensi mbili: nani, wapi, mwaka gani, nani kasema. Mwaka usiuache, habari ya 2012 ikikosa mwaka inakuwa ya jana. Kisha linki, video usiipakie. Mwenye bando dogo aamue mwenyewe.

Na ukigundua baadaye kwamba ni uzushi, usikimbilie kufuta kwa wote. Walioshafowadi wanabaki nayo. Jibu ujumbe ule ule kwa masahihisho na linki ya chanzo, ili yule aliyeipeleka kwa shangazi zake Kilifi apate cha kuwapelekea.