Mapinduzi ya Zanzibar: usiku mmoja uliotayarishwa kwa miaka saba

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mwenye uzi ameuliza mambo mawili. La kwanza, ilikuwaje ufalme wa Al Busaidi uliokaa Unguja zaidi ya karne uanguke kwa usiku mmoja? La pili, ni kweli mapinduzi ya 1964 yalikuwa kazi ya mtu mmoja kutoka Uganda? Walionitangulia wamejibu kwa mkato: huyu anasema ni chuki ya Mwarabu na Mwafrika, yule anasema ni njama za wageni. Mimi nimesomesha historia sekondari hapa Mombasa mpaka nikastaafu, na nyumba niliyolelewa Kibokoni iliguswa na mambo haya. Naomba mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Nianze na mzee mmoja wa Majengo, kuli mstaafu wa bandari ya Kilindini, ambaye nilikuwa nikikaa naye barazani baada ya Alasiri. Alizaliwa Unguja, shamba. Baba yake alikaa katika shamba la mikarafuu la Mwarabu. Kodi halipi, alichotakiwa ni kupalilia chini ya mikarafuu, naye akaachiwa apande mihogo, viazi na ndizi zake. Ardhi si yake, miti si yake, ila chakula ni chake. Wakulima wengi wa Unguja waliishi hivyo tangu utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, vizazi kwa vizazi.

Kilichouvunja utaratibu ule ni kura. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Chama cha Afro-Shirazi cha Abeid Karume kikashinda, na Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, haikupata hata kiti kimoja kati ya sita vilivyogombewa. Baada ya hapo baadhi ya wenye mashamba wakaanza kuwafukuza wakulima waliojulikana kuwa ni watu wa Afro-Shirazi. Upande wa pili nao wakasusia maduka ya Waarabu. Yule mzee alisema kwao waliambiwa wahame mihogo ikiwa bado ardhini, hawakupewa hata muda wa kuichimba. Yeye akavuka bahari kuja kutafuta kazi Mombasa. Wengine walikwenda kujibanza Ng'ambo, ng'ambo ya pili ya Darajani, mkabala wa Mji Mkongwe. Ukitaka kujua walioshika mapanga Januari 1964 walitoka wapi, wengi walitoka huko Ng'ambo, na walifika huko kwa njia kama hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema ilikuwa rangi tupu. Ingekuwa rangi tupu, Washirazi wengi wa Pemba, wenyeji wasio Waarabu, wasingeipigia kura ZPPP, yaani Zanzibar and Pemba People's Party ya Mohamed Shamte, iliyoungana na Hizbu. Na Hizbu yenyewe ilichipuka mwaka 1955 kutoka chama cha wakulima wa Kiembe Samaki, walewale waliopambana na serikali ya Mwingereza mwaka 1951 katika Vita vya Ng'ombe. Rangi ilikuwepo, siikatai, na magazeti ya vyama yaliichochea vibaya mno. Lakini iliwaka kwa sababu ilikaa juu ya ardhi, karafuu na kodi ya nyumba.

Sasa tazameni hesabu, maana hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakinyamaza. Januari 1961 viti vilikuwa 22: Afro-Shirazi 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Wabunge wa ZPPP wakagawanyika, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja, serikali haikuundika. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo. Zikazuka ghasia, wakafa watu 68, wengi wao Waarabu, na Hizbu na ZPPP ndio wakaunda serikali. Julai 1963 viti vikawa 31. Afro-Shirazi wakapata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu. Wapinzani wao wakapata viti 18. Hapakuhitajika wizi wa kura kwa hilo kutokea: Afro-Shirazi walirundika kura katika majimbo yao ya Unguja, wenzao wakashinda kwa kura chache chache Pemba. Sheria ilifuatwa. Lakini mwambie mtu aliyefukuzwa shambani kwamba wengi wamepiga kura na wengi wameshindwa, uone kama atangoja uchaguzi wa tano.

Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyekalia kiti Julai ile baada ya baba yake kufariki, akawa mkuu wa nchi, na Shamte waziri mkuu. Bendera ikawa nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili katikati. Mfalme alikuwa wa kikatiba, amri iko kwa mawaziri. Wengi huuliza, basi kosa la Sultani lilikuwa nini? Jibu langu ni kwamba kile kiti ndicho kilichokuwa muhuri wa mpango mzima wa ardhi, na aliyeutaka mpango uondoke hakuona njia ya kuuondoa na kuubakisha muhuri.

Serikali mpya ikafanya mambo mawili ambayo mpaka leo nayaona ni ya hatari kupita yote. Iliwaachisha kazi polisi wenye asili ya bara, watu waliofunzwa bunduki na wanaoijua kila ghala ya silaha, ikawaacha mjini bila kazi. Kisha, mapema Januari, ikakipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, kilichokuwa na vijana wa vyama vya wafanyakazi. Uingereza ilikuwa imeshakunja jamvi, wala hapakuwa na mkataba wa ulinzi.

Usiku wa manane kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, watu wenye mapanga, mikuki na pinde wakavamia makao ya polisi Ziwani na kambi ya Mtoni. Walipoingia ghalani, silaha zikawa zao. Redio ikatekwa. Kituo cha polisi cha Malindi, mtaa wa mjini Unguja, kilijitahidi kushikilia, lakini serikali ya Shamte ilipoomba msaada nje haikupata. Sultani na jamaa zake wakapanda meli, Seyyid Khalifa, wakaelekea hapa kwetu.

Na hapa Mombasa tunaingia. Fort Jesus ilipeperusha bendera nyekundu ya Sultani mpaka Desemba 1963, kwa sababu Mwambao, yaani ukanda wa pwani wa maili kumi, ulikuwa wake kwa jina, Mwingereza akiukodi tangu 1895. Oktoba 1963 ndipo Kenyatta na Shamte walipokubaliana Mwambao ubaki Kenya, kwa sharti la kulinda mahakama za Kadhi na hati za ardhi. Sasa miezi mitatu tu na siku chache baadaye, Sultani yuko mlangoni anaomba kushuka. Serikali ya Kenya ikakataa. Kwa maoni yangu ilihofia kwamba akikanyaga Mombasa, madai ya Mwambao kujitenga na Kenya yatafufuka. Akapitia Dar es Salaam, akasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza, akaishi huko zaidi ya nusu karne. Alirudi Oman mwaka 2020 na kufariki Desemba 2024.

Mimi wakati huo ni mtoto wa chuo cha Kurani. Nakumbuka watu wazima wameizunguka redio mkahawani, sauti ngeni inatoa vitisho na amri, hakuna anayegusa kahawa yake. Sauti ile ni ya John Okello. Alizaliwa Lango, Uganda, akafanya kazi za ujenzi Pemba, akawa mtu wa Afro-Shirazi. Aliongoza mapigano, hilo ni kweli. Lakini Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi nao walikuwa na watu wao, akina Seif Bakari, na vijana wa Umma wakajiunga asubuhi ileile. Kipimo ni hiki: Machi 1964 Okello alizuiwa kurudi Zanzibar, na hakuna kilichotikisika. Mapinduzi ya mtu mmoja yangeondoka naye.

Jamaa za mama walifika kwetu kwa jahazi siku zilezile. Mama aliwatandikia ukumbini. Mmoja wao, mwanamke niliyemwita shangazi, alikuwa amempoteza mume na kaka, wote wawili watu wa duka dogo shamba, si mabwana wa mikarafuu. Maelfu waliuawa katika siku zile, wengi wao Waarabu, na wengi hawakuwa na ardhi wala cheo. Mchangiaji mmoja hapa juu ameandika kwamba "waliyataka wenyewe". Ndugu yangu, shangazi hakumfukuza mtu yeyote shambani. Na kwa wale wanaokana kwamba kulikuwa na dhuluma kabla ya 1964, baba wa yule mzee wa Majengo hakuibuni mihogo yake. Nimewasikia wote wawili, na sijawahi kuona kwa nini kumwamini mmoja kunilazimishe kumkana mwingine. Eka tatu tatu zilizogawiwa wakulima baadaye zilikuwa haki iliyocheleweshwa. Makaburi ya halaiki hayakuwa haki kwa yeyote.

Kwa mwenye uzi: aliyekuwa na miaka ishirini wakati ule sasa amevuka themanini. Kama nyumbani kwenu au mtaani kwenu yupo aliyetoka Unguja au Pemba, kaa naye wiki hii. Usianze na usiku wa Januari, maana huo wengi hawapendi kuusimulia. Muulize alikuwa akikaa kwa nani mwaka 1957, analima nini, na baada ya uchaguzi aliambiwa nini. Ukipata jibu, na yeye akiridhia, liweke hapa bila jina lake.