Hesabu michoro kabla hujatoa pauni zako

Kitabu changu cha kwanza cha kale kuhusu majengo ya Wales nilikinunua nimesimama, koti limelowa mvua, bila hata kukiweka mezani nikakifunua vizuri. Kilikuwa juzuu la kwanza la A Tour in Wales, masimulizi ya safari ya mwandishi Thomas Pennant, lililochapwa London mwaka 1778. Jalada la ngozi, mgongoni nakshi za dhahabu. Nikalipa pauni 180, nikapanda treni kurudi Cardiff nikijiona mjanja. Usiku, chini ya taa, nikaona kwenye mshono vipande vyembamba vya karatasi vimebaki kama visiki. Michoro minne ilikuwa imekatwa kwa wembe.

“Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, baba Salma,” mke wangu akasema, akaendelea kukunja nguo.

Michoro hukatwa kwa sababu ikitiwa fremu, mmoja mmoja, huweza kuleta fedha nyingi kuliko kitabu kizima. Na hii ya Pennant inatamanika kweli. Ilitoka mkononi mwa Moses Griffith, mzaliwa wa Llŷn, rasi ya kaskazini-magharibi mwa Wales, wa mwaka 1747, ambaye Pennant alimwajiri kama mtumishi na ambaye kuchora alijifundisha mwenyewe. Ngome kama ya Caernarfon aliichora zaidi ya miaka mia moja kabla ya kamera kuwa kitu cha kila mtu, na kabla mafundi wa karne ya 19 hawajaanza kuikarabati. Ukikosa karatasi ile, umekosa ushahidi.

Kwa hiyo hesabu. Vitabu vingi vya aina hii vina orodha ya michoro, mbele au nyuma, iliyomwelekeza mjalidi, fundi wa kutia vitabu jalada, kila mmoja ukae ukurasa gani. Ipitie mstari kwa mstari hapo hapo dukani, hata muuzaji akikohoa. Mimi siku hizi nafungua na simu: Maktaba ya Taifa ya Wales, Aberystwyth, ina nakala ya Pennant iliyopanuliwa hadi majuzuu 8, imejaa picha za rangi za maji za Griffith mwenyewe, na imewekwa mtandaoni bure. Hapo unajua hasa macho yako yatafute nini.

Kisha tumia kidole. Mchoro uliochapwa kwa bamba la shaba huacha bonde dogo kuizunguka picha, pale bamba lilipokandamiza karatasi iliyoloweshwa. Ila ukingo ukipunguzwa sana na mjalidi, bonde nalo huondoka, basi usimwite mtu mwizi haraka. Tazama pia herufi: mwaka 1778 “s” ya katikati ya neno bado ilichapwa ndefu, ukisoma haraka unadhani ni “f”. Toleo la 1810 ni majuzuu matatu yenye umbo dogo zaidi. Linasomeka vizuri tu, lakini usilipe bei ya lile la kwanza.

Madoadoa ya rangi ya kutu hayanisumbui. Harufu ya ukungu ndiyo hunitoa dukani, maana ukungu unahamia kwa vitabu vingine rafuni.

Mahali pa kuzurura ni Hay-on-Wye, mji mdogo wa Wales mpakani na Uingereza, uliojaa maduka ya vitabu vya mtumba. Mwenye duka mmoja, Richard Booth, alijitangaza mfalme wa mji huo tarehe 1 Aprili 1977. Huko ndiko nilikoelekezwa kwenye The Old Cottages of Snowdonia, kitabu cha nyumba za kale za eneo la milima la kaskazini mwa Wales, cha wasanifu majengo Harold Hughes na Herbert North, cha mwaka 1908. Nakipenda kuliko Pennant. Ngome kubwa za kaskazini alizijenga mfalme wa Uingereza, Edward wa Kwanza, kuwabana watu wa Wales. Hiki kinaonyesha nyumba walizojijengea wenyewe, kuta nene za mawe, dari za mbao nzito, meko mapana ya kupikia na kuota moto. Kama shida yako ni kusoma tu, tafuta chapa ya 1979 na fedha inayobaki ununue nauli ya kwenda kuziona.

Lile la 1778 bado ninalo, na visiki vyake vinne. Baada ya barua mbili muuzaji alinirudishia pauni 60. Alisema hakuwahi kuhesabu.