Ukitaka Kemia ya Nadharia, Anza na Maji

Wanafunzi wa mwaka wa nne hunijia ofisini wakitaka kuingia kemia ya nadharia, yaani kukokotoa tabia za molekuli kwa kompyuta badala ya kuzipima maabara, na karibu kila mmoja huwa ameshachagua molekuli yake. Huwa ni kubwa: dawa ya malaria, au kemikali ya mti ambao nyanya yake alichemshia watoto. Nawaelewa, maana mimi pia nilianzia huko.

Nikisomea uzamili hapa Nairobi, nilichukua artemisinini, dawa ya malaria yenye atomi 42, pamoja na molekuli 20 za ukoo wake, nikazikokotoa moja baada ya nyingine. Stima ilipotea mara mbili, na mara zote mbili nikaanza upya, kwa kuwa sikuwa nimeiagiza programu ihifadhi kazi ilipofika. Wiki ya tatu nikampelekea msimamizi wangu majedwali. Hakuyafungua. Aliniuliza, "Njia hii ukiipa maji, inakupa pembe gani?"

Sikujua. Nikaenda nikaipa maji, na chai yangu haikuwa imepoa jibu lilipotoka: pembe kati ya vifungo viwili vya oksijeni na haidrojeni ni nyuzi 100. Maji halisi yana nyuzi 104.5. Ili kompyuta imudu, nilikuwa nimechagua seti ndogo kabisa ya fomula za kueleza elektroni zinakaa wapi. Majedwali yote yalisimama juu ya seti hiyo.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na maji. Kisha oksijeni ya hewani. Hiyo ina elektroni 2 zisizo na jozi, na usipoiambia programu, itazipanga kwa jozi na kukupa nishati isiyo sahihi bila kulalamika. Hapo ndipo penye hatari. Chupa ikipasuka maabara, utaisikia. Kompyuta huandika jibu bovu kwa tarakimu nadhifu zilezile.

Jifunze pia bei ya kila njia. CCSD(T), njia ya kukokotoa elektroni inayoaminika sana kwa molekuli ndogo, kazi yake hupanda kwa kipeo cha 7: molekuli ikiwa kubwa maradufu, kazi huwa mara 128. Ndiyo maana wengi wetu hutegemea njia iliyo nafuu zaidi, nadharia ya msongamano wa elektroni, iliyompa Walter Kohn sehemu yake ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998. Programu ya Quantum ESPRESSO, inayotumia nadharia hiyo, hailipiwi, na inafanya kazi kwenye Linux.

Kuhusu riziki, tegemea kufundisha sana, hasa madarasa makubwa ya mwaka wa kwanza, na utafiti uufanye usiku. Usikimbie aljebra ya matriki wala kuandika programu. Nafasi ya uhadhiri ikichelewa, ujuzi huo utakulisha kwingine.

Wiki jana mwanafunzi mmoja aliniletea karatasi yenye atomi 3 tu. Nyuzi 104.1. Tulikaa hadi saa kumi na mbili jioni tukitafuta ile nukta nne imeenda wapi.